Mzee Wathome na Tangi la Pijo ya Majengo

Ijumaa tarehe 28 Machi 2025, Mzee Wathome Kiilu, fundi wa matangi ya mafuta, anavua ovaroli yake baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya magari mtaani Baba Dogo. Sheria zetu zingemruhusu kukaa miaka mitatu zaidi. Anaondoka kwa hiari yake, na sababu yenyewe imetuacha vinywa wazi. Nimeombwa niandike wasifu wa kuchangamsha sherehe ya kumuaga. Nitajaribu, ingawa wiki tano zimepita na mimi bado nimeduwaa.

Alikuja kwetu mwaka 1994 kutoka Machakos. Vijana wenzake waligombania injini, kwa sababu injini ina sifa. Yeye aliomba matangi, kazi ambayo kila mtu aliikimbia. Tangi lililomwagwa petroli si tupu. Mvuke hubaki ndani, na ukilichomelea kabla haujaisha, linalipuka wewe ukiwa umeliinamia. Mzee alikuwa na utaratibu wake: aliliosha kwa maji moto na sabuni mara tatu, akaingiza pua kwenye tundu, akanusa, akaligonga kwa kidole na kutangaza, "Imekufa." Hapo ndipo moto ulipowashwa. Hakuna aliyenusa tena baada yake. Nani angethubutu? Pua ile ilijua, tangu langoni, nani amefungasha chakula cha omena na nani ana ndengu.

Ubunifu wake nao ulikuwa na vituko. Mwaka 2009 tangi la Landirova ya zamani lilikataa kuachia kutu. Mzee akatia ndani siki na mnyororo wa baiskeli, akaliziba, akalifunga kwa godoro kuukuu, kisha akalitumbukiza kwenye mashine ya kuchanganyia zege ya majirani waliokuwa wakijenga fleti. Wenyewe walikuwa wamekwenda kula. Ndung'u, msimamizi wa mjengo, aliporudi na kukuta godoro linazunguka mahali pa kokoto, alidhani kuna mtu ndani. Alipiga mayowe mpaka wauza mahindi wakakusanyika. Tangi lilitoka safi, na lile gari linatembea hadi leo.

Mwaka 2021 Mzee aliugua ile homa iliyotikisa dunia. Alirudi amekonda, na tangu hapo akaanza kuosha kila tangi mara saba badala ya tatu. Tulimsema. Tulisema uzee umebisha hodi, Mzee anatumalizia maji. Mimi ndiye niliyembandika jina la Baba Bafu. Siku moja Nthoki, anayetuuzia chai, alitumia maziwa yaliyochacha bila kujua. Sisi wengine tulimwaga, Mzee akamaliza kikombe na kuomba kingine. Dalili ilikuwa mbele yetu, sisi tunashika mbavu.

Mwezi uliopita Bwana Muhidin wa Majengo alituletea Pijo 404 nyeupe ya marehemu baba yake. Binti yake, Lela, alikuwa anaolewa Jumamosi, na alitaka kutolewa nyumbani kwa gari la babu. Tangi lilikuwa limeoza upande wa chini kwa kutu. Jipya lilitafutwa likakosekana, kwa hiyo ilibidi kukata sehemu iliyooza na kuchomelea bati. Alhamisi maji yakakatika mtaa mzima. Mzee aliosha mara tatu tu, kwa maji yaliyobaki kwenye pipa, akanusa, akagonga, akasema, "Imekufa." Akainua bomba la gesi la kuchomelea.

Mutheu, fundi aliyefanya naye kazi miaka sita, alikuwa upande wa pili wa meza. "Mzee, usiwashe," alisema. "Hii bado inanuka petroli, tena mbaya."

Sisi tulimkasirikia. Nilimwambia amheshimu mzee wake. Kisha nikasogea kumthibitishia kuwa amekosea, nikainama kwenye tundu, harufu ya petroli ikanipiga mpaka machozi yakanitoka. Tulikuwa watu tisa tumelizunguka tangi hilo.

Mzee aliweka bomba chini. "Sijanusa kitu tangu ile homa," alisema. "Kuosha mara saba ndiyo ilikuwa pua yangu."

Nilikaa juu ya tairi. Miaka minne tumeweka roho zetu mikononi mwa pua iliyokufa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejisumbua kunusa. Nilimwonea hasira, niseme ukweli. Nilimhurumia pia, na mpaka leo sijui kipi kilitangulia.

Boza la maji lilipofika, Mutheu aliosha tangi upya, akanusa, akaita watu wawili nao wanuse, ndipo akachomelea. Jumamosi Lela alitolewa kwa gari la babu yake, vigelegele vikasikika hadi soko la Gikomba. Mzee alikuwa tayari ameandika barua ya kuacha kazi.

Meneja wetu, Bwana Kitonga, alitaka tuseme anastaafu kwa sababu ya umri. Niliandika hivyo. Mzee aliisoma rasimu yangu, akaichana taratibu, bila hasira. "Andika nilificha," aliniambia. "Aibu yangu ni ndogo kuliko mazishi yako."

Nimeandika, Mzee. Lakini nilipofika hapa kalamu ilinigomea. Mimi ndiye ninayejaribu magari barabarani kabla hayajarudishwa kwa wenyewe. Jicho langu la kulia limeingia ukungu tangu Juni mwaka jana, na hata mke wangu hajui. Nikitaka kuona upande huo, mimi hujifanya ninageuza kichwa kumsalimia mtu. Pijo ile niliijaribu mimi, Ijumaa jioni, Bwana Muhidin akiwa ameketi kando yangu. Asubuhi ya leo nimemkabidhi Bwana Kitonga funguo zote na kumweleza kwa nini.

Asante kwa miaka thelathini na mmoja, Mzee, na zaidi kwa ile Alhamisi. Mungu akupe wewe na mkeo, Mama Mumo, siku nyingi, zenye afya na zenye raha.

Ni mimi, Junaid Kadar, aliyekuwa dereva wa majaribio.