Desmond Tunnicliffe na Nusu Inchi ya Upande wa Kushoto

Ijumaa tarehe 30 Septemba 2005, saa kumi na nusu jioni, Desmond Tunnicliffe atatundika aproni yake ya ngozi kwenye msumari wake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka hamsini na siku ishirini na tano katika karakana ya Pargeter na Wanawe, hapa Coventry. Hizo siku ishirini na tano nimezitaja makusudi. Nisingezitaja, angekuja kunigongea mlango na kalenda mkononi.

Ofisi imeniomba mimi, Sid Garbutt, niandike wasifu huu kwa ajili ya jarida la karakana. Niliacha shule nina miaka kumi na minne na sikumbuki mwalimu yeyote aliyelia. Lakini kwa miaka arobaini na sita, hadi nilipostaafu, nilisimama hatua mbili kutoka kwa Desmond, yeye upande wa kulia wa gari, mimi wa kushoto. Mkewe Maureen tu ndiye aliyemtazama zaidi yangu, na yeye huwa anapata nafasi ya kufumba macho.

Desmond aliingia kazini Jumatatu tarehe 5 Septemba 1955, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, suruali iliyopungua inchi mbili na masikio ya kutosha watu wawili. Alipewa nyundo ya mbao, mfuko wa ngozi uliojaa mchanga na kipande cha aluminiamu, akaambiwa akigonge mpaka kiwe bakuli. Wengi wetu bakuli la kwanza lilifaa kuchujia viazi. La Desmond lilikaa na supu tangu mchana hadi jioni bila kutoa tone, naye akaanza siku hiyo hiyo kutuchosha.

Kwa wageni wa karakana, kazi yetu ni hii: chasi na injini hutoka kiwandani, sisi tunalivika gari mwili. Mtu asiyetaka Jaguar kama ya jirani yake huja kwetu na ndoto, nasi tunaigonga kwa nyundo. Desmond ametia mkono katika miili thelathini na mmoja, na hakuna miwili iliyofanana. Alimtengenezea bwana mmoja wa harusi paa lenye nundu, ili kofia yake ndefu isiguse. Alimtengenezea mchezaji gofu mlango wa tatu, mwembamba, wa kuingizia fimbo. Kila mara alipima, akapima tena, kisha akapima rula yenyewe. Nyumbani hupima pai. Maureen amewahi kumfukuza jikoni kwa mwiko: “Kaa kando, Des! Hii ni pai ya nyama, si madigadi!”

Lakini hakuna mtu hapa atakayenisamehe nisipolitaja Gari la Mbwa.

Mwaka 1960 daktari wa mifugo kutoka Shropshire, marehemu Bwana Prosser, alileta chasi ya Jaguar ya michezo. Alitaka gari la kukimbia kama mshale, lenye nafasi kwa nyuma ya kuwekea mbwa wawili wa kuchunga kondoo na mfuko wa dawa. Mchoro ulikuwa mmoja tu, wa chaki, ukutani, ukubwa wa gari lenyewe. Kutokana na mchoro huo kila fundi alijikatia kielelezo chake cha kadibodi, na kilikuwa siri yake. Kumchungulia mwenzako kielelezo kulikuwa sawa na kumchungulia bafuni. Tena wiki hizo mimi na Desmond hatukuwa tukisemeshana, kwa sababu ya penalti moja ya Coventry City ambayo hata leo haikuwa penalti.

Basi yeye akagonga madigadi ya kulia, lile bati linalofunika gurudumu la mbele, mimi nikagonga ya kushoto. Zilipofungwa kwenye gari, yangu ilikuwa ndefu kwa nusu inchi mbele.

Msimamizi wetu, mzee Alf Bexley, alilizunguka gari mara mbili, akawasha kiko.

“Mnamjua mtu yeyote,” akauliza, “anayeweza kuliona gari kulia na kushoto kwa wakati mmoja?”

“Hapana, mzee.”

“Basi lipakeni rangi.”

Likapakwa kijani, likaondoka, mbwa wakapanda. Nasi tukabaki na nusu inchi yetu. Kwa miaka arobaini na mitano, kila chai ya saa nne, na nilipostaafu kila simu, swali lilikuwa moja: nani alikosea? Mimi nilisema Desmond alipunguza. Desmond alisema mimi nilizidisha. Mchoro ulishafutwa ukutani, shahidi hayupo. Watu walioa, wakapata wajukuu, na sisi bado tulikuwa kwenye madigadi.

Januari mwaka huu gari lilirudi, juu ya lori. Bi Bronwen Prosser, binti wa daktari, alikuwa ameteleza kwenye barafu akaligongesha kwenye nguzo ya lango. Yeye alikuwa mzima. Upande wa kulia ulikuwa mzima. Madigadi ya kushoto, kazi yangu, ilikuwa imekunjamana kama leso. Bi Bronwen alisimama mbele yake, mikono mifukoni, akasema, “Baba alinifundisha kuendesha humu. Sitaki lipendeze zaidi. Nataka lile lile.”

Kazi akapewa Desmond, iwe ya mwisho kwake. Bosi wetu kijana, Bwana Gareth Pargeter, akaleta kile chombo chake cha mwanga kinachopima bati na kuonyesha umbo kwenye kompyuta. Kikapima upande wa kulia, kikaugeuza, kikatoa wa kushoto uliolingana nao hadi unywele. “Mzee Des, kazi imekwisha nusu,” akasema Gareth. “Fuata hii tu.”

Hebu fikirieni mtego huo. Mwenye gari hajui habari ya nusu inchi. Bosi mwenyewe ameruhusu. Desmond angefuata kompyuta, na kuanzia siku hiyo upande wangu ungekuwa nakala ya upande wake. Ubishi wa miaka arobaini na mitano angeushinda milele, tena mimi nikiwa nyumbani nimevaa sapatu. Niliposikia, nilikosa usingizi. Nilimwambia paka wangu, ambaye sasa ni marehemu, kwamba mimi kwa nafasi ya Desmond ningefuata kompyuta, na ningepiga mluzi.

Aprili Desmond alinipigia simu. “Sid, njoo. Njoo na futikamba yako, maana rula yangu hujawahi kuiamini.”

Nilienda. Gari lilikuwa halijapakwa rangi, aluminiamu tupu inang'aa. Nikapima kulia. Nikapima kushoto. Nikarudia, kisha nikaomba kiti.

Madigadi ya kushoto ilikuwa ndefu kwa nusu inchi.

“Umeipataje?” nikamuuliza. “Haina mchoro, na ile ya zamani imekunjwa.”

Akafungua kabati lake, akatoa kadibodi ya kahawia, iliyoliwa na panya pembeni, yenye mwandiko wangu mbaya: *S. Garbutt, kushoto, usiguse.* Aliiokota jalalani mwaka 1960. Ameitunza miaka yote hiyo awe na ushahidi dhidi yangu.

“Sasa mbona hukufuata kompyuta, mjinga wewe? Ulikuwa umeshashinda!”

“Mama wa watu kasema anataka lile lile,” akajibu Desmond. “Na upande huo si wangu. Ni wako.” Kisha akaniuliza kama nakunywa chai.

Bi Bronwen alikuja kulichukua mwezi Mei. Alikaa kwenye usukani, akatazama mbele juu ya boneti kwa muda, akasema, “Ndilo.” Akawasha injini.

Kwa hiyo, kwa niaba ya Pargeter na Wanawe, mafundi, ofisi na mama wa chai, asante, Desmond, kwa miaka hamsini na siku ishirini na tano. Mapumziko yako yawe marefu, magoti yakuheshimu, bustani izae, na Maureen akuvumilie sasa utakapokuwa nyumbani mchana kutwa na rula.

Sina saa ya dhahabu ya kukupa. Hiyo watakupa ofisini. Zawadi yangu ni hii. Siku nilipokata kile kielelezo changu, ukutani kulikuwa na mistari miwili ya chaki, mmoja wa zamani uliofutwa nusu. Mimi nilifuata uliofutwa. Nililijua hilo kabla Alf hajawasha kiko.

Uliyekuwa sahihi ni wewe, Des. Imechapwa sasa, nakala mia mbili. Kata ukurasa huu uubandike jikoni, na najua utaupima kwanza.