Ziara ya Wanachama Wapya

MJOMBA: Haloo? Naongea na nani?

MPWA: Ni mimi, mjomba. Mpwa wako, injinia mtarajiwa. Shikamoo.

MJOMBA: Marahaba, mama! Mbona namba ngeni?

MPWA: Ya mwenzangu wa chumbani. Salio lenyewe kiduchu, nikuulize haraka—

MJOMBA: Paza sauti! Mashine ya zege inaunguruma hapa.

MPWA: Kile chama cha wahandisi, tawi la wanafunzi. Mwisho wa kujiunga ni leo, na bado nasitasita. Wengine wanasema ni mikutano na soda tu.

MJOMBA: [anacheka] Mpaka leo hujajiunga? Ukimaliza chuo hujulikani na mtu, utazunguka na cheti mpaka soli ziishe. Jiunge, usinichoshe.

MPWA: Afadhali umesema. Maana wana utaratibu wao: kila mwanachama mpya anawapeleka wenzake kwenye ujenzi wa mtu anayemfahamu. Mimi nimetaja wako.

MJOMBA: [kimya]

MPWA: Haloo? Mjomba?

MJOMBA: Nipo. Mtandao huu... Wangu upi?

MPWA: Hilo ghorofa unalosimamia. Tutakuja wiki ijayo na mhadhiri, ana kifaa cha kupima zege.

MJOMBA: Hebu ngoja, mama. Hivyo vyama vinapoteza muda. Wewe soma.

MPWA: Si sasa hivi umesema—

MJOMBA: Jiunge mwakani! Kwani kuna moto?

MPWA: Mbona unanifokea?

MJOMBA: Sikufokei. Jengo limekwisha, limepakwa rangi. Mtakuja kuona nini?

MPWA: Kama limekwisha, hilo zege ni la nini?

MJOMBA: Tunaongeza nguzo. Moja tu. Pale ngazini.

MPWA: Nguzo kwenye jengo lililokwisha? Mjomba... ile mirunda ya kushikilia zege lisishuke, mliitoa lini?

MJOMBA: Usiniletee mambo ya darasani.

MPWA: Mliitoa kabla zege halijakomaa?

MJOMBA: Tajiri alinikalia kooni! Kila siku wapangaji, wapangaji. Ningefanyaje, na watoto hawa— [mkwaruzo] —unanisikia?

MPWA: Unakatika!

MJOMBA: Nasema ukija na huyo mhadhiri, mimi nimekwisha. Mimi niliyekulea. Unaelewa?

MPWA: Naelewa. Naogopa, mjomba.

MJOMBA: Basi usijiunge, yaishe.

MPWA: Yataisha vipi? Ufa upo?

MJOMBA: Tuliuziba kwa plasta.

MPWA: Na sasa?

MJOMBA: Umerudi. Sikiliza, mama, kama ni lazima mje, waambie wenzako wasisimame chini ya ngazi. Wapite mbali kabisa.

MPWA: Wapangaji wanahamia lini?

MJOMBA: Kesho asubuhi. Wengine wameshaleta vitanda.

MPWA: Watapandia wapi?

MJOMBA: Sauti inakatika—

MPWA: Unanisikia vizuri. Watapandia wapi?

MJOMBA: Ngazi ni hiyo hiyo moja.

MPWA: Basi najiunga. Na tunakuja leo, si wiki ijayo. Nisamehe, mjo— [simu inakatika]

MJOMBA: Haloo? Mama? Haloo? ... Njooni basi. Njooni haraka.