Tuma Foto

Mwanaume aliyeketi kulia kwangu, katika taksi ya kutoka Mongbwalu kuja Bunia, aliitwa Liévin, na hasira yake ilitosha gari zima. Alikuwa anapeleka mizigo ya watu kwa pikipiki, mpaka wiki hiyo bosi alipomnyang'anya pikipiki hiyo.

"Ni juu ya mwenye muzigo mumoja," alimwambia mama aliyeketi kushoto kwangu, ambaye hakumjua. "Aliniona mu telefone, mu ile karte inafuataka pikipiki, nimesimama mu pori, akaambia bosi kama niko mwizi. Na miye nilikuwa nimelala mu majani, masasi ya bunduki inalia mbele!"

"Si ungemuambia?" aliuliza yule mama.

"Nilimuandikia: kuko masasi. Akajibu: tuma foto."

Dereva wetu alicheka, akatutazama kwenye kioo, akaacha.

"Papa, miye pia nafuataka mizigo mu telefone," mama alisema kwa ukali. "Dawa ya sukari ya mama yangu ilisimama njiani, na hakuna mutu aliniambia kitu. Unajua ile roho inaumaka namna gani?"

"Sasa weye ungeniona nimesimama pale, ungewaza nini ya kwanza?"

"Dawa."

"Unaona! Hata weye!"

"Na kama mugonjwa angekuwa mama yako?"

Gari likasimama sokoni. Walishuka wakibishana, sauti zikipanda, wakavuka barabara pamoja. Dereva alipiga honi mpaka akachoka, maana wote wawili walikuwa wamesahau mizigo yao nyuma ya gari.