Ukindu wa Faudhia Umetoka Mweusi

Kijiwe chetu cha kahawa kipo karibu na stendi ya Kibiti, na siku hiyo Mtoro alikuja amenuna hata salamu hakuitikia. Mkewe, Sihaba, alikuwa amechemsha magome ya mkoko apate rangi nyekundu ya kutilia ukindu, wausuke mkeka wa harusi ya binti yao, Faudhia. Ukindu wote umetoka mweusi tii, na kwenye ukoo wa Mtoro bibi harusi hakalishwi mkeka mweusi. Nilikaa kusikiliza wajuzi wetu, nikaondoka sijui lolote.

— Miaka yote magome hayahaya, nyekundu! Leo masizi! akalalama Mtoro.

Badru, tunayemwita Redio, akadakia:

— Yamekatwa maji yamejaa. Yamenyonya chumvi.

— Shemeji katilia nyavu magome hayohayo. Nyekundu, akajibu Mtoro.

— Sihaba kachemshia nini? akauliza Redio.

— Nusu pipa la chuma. Chungu kilikuwa kidogo.

Sote tukamgeukia Dulla, muuza mapipa.

— Msinitazame mie! Tangu enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, nauza mapipa, watu wanapikia pilau. Nani kala pilau nyeusi?

Kheri, aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha ngozi, akashusha kikombe.

— Kiwandani tuliambiwa. Kwenye magome mna kitu, kikikutana na chuma kinakikamata. Ndio weusi wenyewe.

— Kinakamata chuma? Sumaku hiyo! akasema Dulla.

— Si sumaku.

— Basi tuyatupe baharini, tuvue meli zilizozama!

— Ndo maana! Redio akaruka. Bibi yangu kameza sindano utotoni, na maji ya mkoko anakunywa kila akiumwa tumbo. Haijatoka mpaka leo!

— Kheri, kitaachia lini? akauliza Mtoro.

— Hilo hatukuambiwa, ndugu yangu.

Basi likasimama, akashuka dada yake Mtoro, Sikujua, na begi lake, kaja kwa ajili ya harusi. Tukamweleza yote kwa pamoja, pipa, chumvi, sindano. Akatusikiliza mpaka tukaishiwa.

— Kaka, na Faudhia mwenyewe anasemaje?

— Sijamwuliza.

— Habari ya rangi?

Mtoro alitazama chini.

— Hata habari ya huyo bwana anayemwoa, sijamwuliza.

Sikujua akajitwika begi lake, akashika njia ya kwenda kwa Sihaba kumwuliza Faudhia mwenyewe.