Usinimalizie

Kwenye treni ya asubuhi waliketi mbele yangu watu wawili wasiojuana, kila mmoja na kitabu kilekile mkononi: fundi mbao aliyekosa vidole viwili, na dada mmoja mshonaji. Ni hadithi ya mashine zinazowaua watu dunia nzima.

“Kaka, umefika pale mashine inapomkuta bibi anafagia uwanja?” dada akauliza. “Mwili wote ulinisisimka. Zile mashine zina chuki, jamani!”

“Chuki zitoe wapi, dada? Hazituoni kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Msumeno wa kiwandani ulinikata vidole hivi, ukaendelea kuimba wimbo wake uleule. Mwandishi huyu kajuaje?”

Dada akajishika mdomo. Mimi, mfagiaji wa sokoni, nikashukuru kwamba ufagio wangu hautumii umeme.

“Na leo unakwenda wapi?” dada akamuuliza.

“Kwenye msumeno uleule. Ndiyo siku yangu ya kwanza kurudi. Woga hauliki, dada, na watoto wanataka kula.”

Treni ikapunguza mwendo. Tukausikia msumeno ukilia huko nje. Fundi akachomeka kipande cha msasa mahali alipofika, akafunga kitabu, lakini hakuinuka.

“Ngoja nikwambie yule bibi alivyofanya mwishoni, upate moyo!”

“Wewe! Usinimalizie!” Hapo akainuka, kitabu kwapani. “Nitakimaliza mwenyewe jioni, nikirudi nyumbani.”

Treni ikasimama. Akashuka, dada akabaki na mwisho wa hadithi mdomoni.