Sauti ya Zuhura Ofisini kwa Diretora

Assalaam alaykum, ndugu zangu! Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenisimamisha mbele yenu katika dua hii nikiwa na akili zangu timamu, maana siku ile nilidhani zimeniruka.

Wengi hapa Palma mnanijua kwa duka la vitenge la mume wangu. Msichokijua ni kwamba Anshia, binti mnayemwona kwangu, si wa tumbo langu. Ni mtoto wa mdogo wangu Zuhura, na baba yake alifariki angali mchanga. Kijiji chao cha Quiterajo kilipovamiwa na waasi, kila mtu alikimbia kivyake. Anshia alitoka na majirani kwa boti, mama yake hakuonekana tena. Tuliuliza kambini kwa wakimbizi, tuliuliza bandarini, wapi! Mwisho ndugu wakasema tumsomee hitima. Nikakataa. Kila sala nilimwombea kama mtu aliye safarini, na watu wakanong'ona kwamba huzuni imenivuruga.

Anshia alipomaliza shule ya msingi, mwalimu wake akanishauri nimpeleke kolejio, shule ya binafsi kule Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, kwa kuwa ni mwepesi wa kushika masomo. Mume wangu akaridhia. Tukaenda kwenye usaili. Mtoto akajibu vizuri, Kireno kinamtoka kama maji! Diretora, yaani mkuu wa shule, akatabasamu, kisha akaniuliza:

"Tumempenda. Ila lazima mzazi aridhie; mlezi anakubaliwa tu kama mzazi amekufa. Mama yake yu hai au amekufa?"

Ndugu zangu, swali lile! Nikisema amekufa, nafasi tunapata palepale. Anshia ananitazama.

"Mama diretora," nikasema, "sikumwona akifa. Siwezi kumzika kwa mdomo wangu."

"Basi mama, hatuwezi kumpokea."

Tukainuka. Mwalimu kijana aliyemsaili Anshia akamwuliza kwa upole, "Mama yako anaitwa nani?"

"Zuhura Bakari. Ana kovu la moto shavuni."

Yule mwalimu akaduwaa. "Kwa shangazi yangu, Mtwara, yupo Zuhura wa Quiterajo mwenye kovu shavuni."

Akapiga simu mbele yetu, akafungua sauti tusikie sote. Shangazi akaita mtu. Tukasikia, "Mimi Zuhura. Nani mwenzangu?"

Niliketi sakafuni, ndugu zangu! Anshia akaishika ile simu kwa mikono miwili.

"Mama, ni mimi."

Kikatoka kilio ambacho sijawahi kukisikia maishani. "Anshia? Waliniambia boti yenu ilizama!"

Kumbe naye alikuwa akimlilia mtoto! Diretora, machozi yanamtiririka, akauliza, "Mama, unaridhia mtoto asome kwetu?"

"Asome! Asome, mama, asome!"

Anshia akaandikishwa palepale.

Zuhura amekwisha kuvuka Ruvuma, yuko kwangu. Lakini mshtuko haujanitoka. Kila alfajiri kabla ya kutawadha naenda alipolala, naugusa mguu wake nione kama una joto.

Sina elimu ya kuwahubiria. Najua tu kwamba humu ndani mna watu waliopotelewa na mume, na mtoto, na kaka. Mtegemeeni Mungu, msione haya kulitaja jina la mtu wenu, hata pale mnapodhani hakuna anayemjua. Tuinue mikono sasa tuwataje, mmoja mmoja, kwa sauti. Haya, nani ataanza?