Maisha ya Jagmohan Uniyal, Aliyejiita Swami Nirmohananda

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1946 katika kijiji cha Silkoti, milimani Garhwal, India, mtoto wa kwanza wa Mzee Ghananand Uniyal na Bi Rukma. Kitabu kinachouzwa hapo langoni mwa ashramu, makao yake ya utawa, kinasema alizaliwa ukingoni mwa Ganga, na mto ukasimama kwa heshima. Mto haukusimama. Ulikuwa mbali, mwendo wa siku nzima, na mkunga alisimulia mpaka kufa kwake kwamba mtoto alitanguliza matako.

Alisoma shule ya kijiji hadi darasa la nane. Njiani palikuwa na kijito, na kwa kuwa hakupenda kulowa miguu, dada yake Kamla, mdogo kwake, alimvusha mgongoni. Kamla alipoolewa, marehemu aliacha shule.

Mwaka 1965 alipata kazi ya ukondakta katika basi la kushuka Rishikesh, mji ulio kando ya Ganga. Sauti alikuwa nayo, hilo hatumnyimi. Hata abiria waliokuwa wakitapika kwenye kona walinyamaza kumsikiliza.

Februari 1969 alimwoa Bi Darshani Devi, wakajaliwa Sulochana na Dinesh. Asubuhi moja ya Oktoba 1979 aliaga kwamba anashuka mjini kununua samli. Huko akanyoa kichwa, akajifanyia matanga yake mwenyewe kama wafanyavyo watawa, akavaa vazi la rangi ya machungwa, akajipa cheo cha Swami, yaani mtawa mwalimu, na jina la mtu asiyefungwa na mapenzi ya dunia. Mkewe alizipata habari hizo kwa dereva wa basi.

Bi Darshani alishuka na watoto wake. Alimkuta uani mwa ashramu, amekalia ngozi ya chui, anawafundisha Wazungu kupumua.

"Mama, umepotea njia," marehemu alimwambia mbele ya wageni.

"Nimepotea mimi? Baba Dinesh, samli iko wapi?"

Wageni walicheka wakidhani ni mafumbo ya dini. Marehemu akafumba macho, na kwa upande wa mkewe na watoto hakuyafumbua tena.

Bi Darshani hakurudi Silkoti. Aliweka jiko chini ya ngazi za ashramu, akawakaangia mahujaji mikate ya puri na viazi, akalea. Kila alfajiri marehemu alishuka kuoga mtoni, ameshikiwa mwavuli, akilipita karai la mkewe kama anayepita jiwe. Wanafunzi wakasema ameyashinda mapenzi. Hakuyashinda. Mtu hashindi asichopigana nacho.

Agosti 1988 Dinesh alifariki kwa homa ya matumbo. Vachaspati, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye anayewasomea haya, alipanda ngazi kumwita.

"Kaka, shuka ukamwashie mwanao moto."

"Mimi sina mwana. Mwili huu hauna baba wala mtoto."

"Basi mwili huo usile mchana wa leo."

Ulikula. Wali wa maziwa. Moto wa kumchoma maiti, ambao ni wa baba kuuwasha, aliuwasha Vachaspati, na jioni ile ile marehemu alitoa mawaidha marefu juu ya huruma. Watu walilia.

Machi 2016 alipigwa na kiharusi, mdomo ukaenda upande. Wanafunzi wakagombania kiti chake akiwa bado amekikalia. Aliyeshinda, Swami Satyadeep, alimpakia kwenye mkokoteni wa mboga, akamfikisha mlangoni kwa Bi Darshani.

"Mama mtukufu, guru, mwalimu wetu, amekukumbuka."

"Amenikumbuka kwa mdomo upi?"

Sulochana alitaka mkokoteni ugeuzwe ulikotoka. Mama yake alimshika mgonjwa mabega akamwingiza ndani. Miaka zaidi ya miwili alimwosha, alimgeuza, alimlisha mseto wa dengu kwa kijiko. Siku moja marehemu alimshika mkono, akalia.

"Usilie ukadhani nimekusamehe," Bi Darshani alimwambia. "Una njaa, ndiyo maana nakulisha. Fungua mdomo."

Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2018. Mwili haujapoa, watu wa ashramu wakafika na mashada na vipaza sauti, wamchukue wamzike bila kumchoma, kama wazikwavyo watawa, kiwanjani kwao ukingoni mwa Ganga, juu yake wajenge pa kuabudia. Bi Darshani alikaa kizingitini.

"Hatoki mtu hapa mpaka mkubali maisha yake yasomwe. Yote. Kwa vipaza sauti hivyo hivyo, na myachape kwenye karatasi zenu."

"Mama, waumini watavunjika moyo," alisema Satyadeep.

"Wangu ulivunjika, na kesho yake nikakaanga puri. Na wao wataweza."

Ndiyo maana mmeyashika haya mikononi.

Ameacha mjane, Bi Darshani Devi, aliyeketi mstari wa mbele ingawa alipangiwa wa nyuma, binti, Sulochana, wajukuu wawili ambao hakuwahi kuuliza majina yao, dada, Kamla, na mdogo wake, Vachaspati. Dinesh alimtangulia. Ameacha pia wanafunzi wengi, na kiti.

Mama Ganga hajawahi kukataa chochote anacholetewa. Ampokee na huyu.